Nyeusi ya Mama

Katika duka letu la uchapishaji hapa Busia, upande wa Kenya, nyeusi tupu ni ya marehemu peke yake. Tangazo la harusi, la ibada, la lolote linalohusu walio hai, tunalianzia kwenye nyeusi iliyopunguzwa makali: ya mkaa, ya masizi, au samawati iliyokolea sana. Mteja haoni tofauti mpaka ikosewe. Picha ya mtu ikikaa juu ya nyeusi tupu, watu wa huku hawasomi maandishi, wanaanza kulia.

Mkali wa sheria hiyo ni mimi. Niliwahi kugombana na mchungaji aliyetaka bango la mkutano wa injili liwe jeusi tititi. Nilimuuliza kama anataka waumini waje na mikeka ya matanga.

Asubuhi moja picha ya mama ikaingia kwenye kundi la ukoo simuni. Mama alikuwa amelazwa Tororo, ng'ambo ya mpaka, kifua kikimsumbua, na kaka yangu ndiye aliyekuwa akimuuguza. Ilikuwa picha ya kanisani, amevaa gauni lake la gomesi, anacheka. Kuizunguka, nyeusi. Chini yake hakuna neno hata moja.

Nikajidanganya kwamba pengine si nyeusi tupu. Niliifungua kwenye kompyuta, nikaipima rangi kama ninavyopima kila siku. Sifuri, sifuri, sifuri: nyeusi tupu. Shangazi mmoja alishaweka ile alama ya mikono ya kuomba, basi. Nilimpigia kaka, hapatikani. Nikapiga tena, nikimwomba Mungu apokee, na papo hapo nikiogopa atakachosema akipokea.

Nilivuka mpaka nikapanda bodaboda, nikamwambia mwendeshaji hospitali ya Tororo. Njiani aliniuliza kama nina mgonjwa au nimefiwa. Niliogopa hata kulia, maana kulia ni kukubali. Jiwe la Tororo, ule mwamba mrefu wa mji, lilipojitokeza mbele nilitamani barabara irefuke, nisifike kamwe.

Mama alikuwa ameketi kitandani, anakunywa uji.

Sikumsalimu hata. Nilimgeukia kaka. "Ile picha uliitengeneza wewe?"

"Ni mimi, dada. Nilitaka watu ya ukoo waombee mama. Maneno ilikataa kwenda, simu ikazima. Kwani black si inapendeza? Sura yake inatoka vizuri."

"Umemzika!" nilipiga kelele. Nikaketi sakafuni, nikalia mpaka nesi akaja kuuliza kulikoni.

Mama akaomba aione kwenye simu yangu. Aliitazama, akaisogeza mbali na uso. "Hii giza ni mingi," alisema. "Mwanangu, siku yangu ikifika, usiniweke hapa."

"Mama, tafadhali, wacha hayo."

"Niweke kwa ile ya masizi. Kama ya jikoni kwangu."

Mama amerudi nyumbani Kiyeyi sasa, anapalilia mihogo yake na kugombana na kuku. Rangi yake nimeshaichagua: nyeusi yenye hudhurungi kidogo, kama ukuta ulio juu ya mafiga yake. Iko kwenye kompyuta ya duka, ukurasa mtupu, bila picha wala maandishi. Kila kaka akipiga simu, kabla sijapokea, naizima kwanza kompyuta.