Makala ya Mpira wa Gesi

Nakumbuka mchana niliomwambia Deo, "Sawa, jaza," na mwanangu, kama ningepewa mchana mmoja wa kurudia, ningechagua huo, nimkatalie.

Nilikuwa na fremu ya duka Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, nauza vipuri vya majiko ya gesi: mipira, regyuleta, swichi za kuwashia. Rehema, mtoto wa dada yangu, alinifungulia tovuti. Alikuwa na utaratibu wake. Akitaka kuandika jinsi ya kubadilisha regyuleta, kwanza anakaa na fundi, anaifungua mwenyewe, anaifunga, anapima uvujaji kwa povu la sabuni, ndipo anaandika. Kila makala aliiunganisha na nyingine zinazohusiana nayo. Polepole tovuti ikaanza kuaminika. Mtu wa Songea akiuliza mtandaoni habari ya jiko la gesi, sisi tulikuwa miongoni mwa wa mwanzo kutokea, na akiagiza, mzigo wake uliondoka kwa basi.

Lakini kwenye majibu hayo ya mtandaoni, juu yetu kulikuwa na duka jingine, nami nilikuwa naamka na hofu kwamba litanimaliza. Deo, kijana anayetengeneza tovuti za wafanyabiashara, akaiona hofu hiyo.

"Mzee, mtambo wa kutafutia hauangalii makala moja," aliniambia. "Unaangalia kama unalijua somo zima. Mwenzako ana jibu la kila swali. Nyie mnaandika kama mnachonga kinyago. Nipe wiki, akili mnemba iandike, nijaze mapengo yote."

"Nani atazisoma makala hizo kabla hazijawekwa mtandaoni?" Rehema akauliza.

"Dada, ukisema uzisome zote utazeeka kabla ya mjomba wako."

Mimi na Deo tulicheka. Rehema hakucheka. "Mjomba, watu wanawasha moto kwa maneno yetu."

Unaijua Kariakoo, mwanangu. Mteja akiulizia kitu ambacho huna, unamwambia, "Kipo, kaa hapa," halafu unakimbia kukichukua duka la jirani. Nimeishi hivyo tangu ujana, na sikuona ubaya kufanya vivyo hivyo na maarifa. Sikukumbuka kwamba regyuleta ya jirani nilikuwa naishika, naigeuzageuza, kabla ya kumkabidhi mteja. Maneno ya akili mnemba ya Deo hakuna aliyeyashika na kuyageuza hivyo.

Deo akajaza, na tukapanda kweli. Tukalipita lile duka. Simu zikawa hazikatiki, nikaanza kulala vizuri.

Kisha asubuhi moja akapiga mteja kutoka Morogoro. "Mzee, mmeandika mpira wa gesi ukichanika naweza kuufunga na kipande cha tyubu ya baiskeli nikaendelea kupika. Ni kweli hiyo?"

Hakuna fundi anayesema hivyo. Mpira ukichanika unafunga mtungi, unautupa mpira huo, unaweka mpya. Nikamwambia afunge mtungi na asiwashe kitu. Rehema alikuwa ameshaitafuta makala kwenye simu yake, na ndiyo iliyokuwa jibu la kwanza, juu ya yote. Zile makala zake za kweli ndizo zilizoufanya uongo ule uaminiwe. Nikampigia Deo akaifuta, lakini akasema itaendelea kuonekana kwa muda, na kwamba wengine wameshainakili. Nilikaa kwenye kiti cha dukani nikiitazama simu. Kila ilipoita niliogopa kupokea. Waliosoma ni akina nani, wako wapi, wamefunga tyubu jikoni kwa nani? Sikuwa na njia ya kuwafuata.

Mchana akapiga jirani wa dada yangu mdogo Zuhura, mama yake Rehema, aliyekuwa anapika chakula cha kuuza Buguruni. Jiko limelipuka. Tulimkuta hospitali, mikono imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko.

"Si ungenipigia, Zuhura?"

"Nikupigie ya nini, kaka, na umeshaandika? Niliona jina la duka lako, nikajua nimekuuliza wewe."

Nilitoka nje nikaegemea ukuta. Rehema alibaki ndani.

Mwanangu, wewe unayejenga tovuti ili watu wakuone wa kwanza, chagua somo dogo unaloliweza, ulijaze polepole na yale uliyoyafanya kwa mkono wako. Swali usilolijua, sema hulijui, au mwelekeze mtu kwa anayelijua. Mwenzako akikupita, mwache apite. Mimi niliogopa kuwa wa pili, nikasahau kuogopa kuaminiwa. Kadiri unavyopanda, ndivyo wanavyopungua watakaokuuliza mara ya pili kama una hakika. Mungu akujalie wasomaji wengi, na akutie woga kila unapotaka kuchapisha usichokijua.

Tovuti niliifunga, na fremu nimeirudisha kwa mwenye nyumba. Zuhura yu hai, lakini vidole vyake vimejikunja, havishiki mwiko, na hapiki tena. Rehema akinikuta njiani ananiamkia shikamoo, naitikia marahaba, na anaendelea na safari yake.