Fundi wa Dishi la Setilaiti

Kila mara dishi la setilaiti linapokwama hapa kambi ya jeshi Colorado, kampuni inayolihudumia humtuma fundi yuleyule. Beji yake ni ya mkandarasi, kwa hiyo tukianza kuzungumzia mkataba wa kampuni yake, jambo asiloruhusiwa kusikia, hutoka mwenyewe na kikombe chake cha kahawa, kabla hajaambiwa. Akifungua mtambo hutugeuzia mgongo. Michoro ni mali ya kampuni. Sisi wenye dishi hatuna hata nakala. Vidole vyake vinene hupapasa nyaya kama anayetafuta kitu alichokificha mwenyewe.

"Sajenti Pruitt, utavunjika shingo kwa kuchungulia," hunitania.

"Nataka kujifunza, bwana."

"Ukijua wewe, mimi nitakula wapi?"

Mwaka jana mkuu wetu, Kapteni Lindqvist, alimweleza fundi sera mpya: kampuni haitalipwa tena kwa kila tengenezo, italipwa kwa siku ambazo dishi linafanya kazi. Fundi aliweka kikombe chini, akaenda nyuma ya mtambo bila mfuko wa vifaa, ingawa dishi lilikuwa zima. Akarudi akipangusa mikono.

"Halitawasumbua tena," alisema.

Theluji imeanguka, imeyeyuka, na dishi halijakwama hata mara moja. Wenzangu wanaisifu sera.