Kichocho cha Ubaoni na Kichocho cha Majarubani

Mwanangu, unakwenda kuwafundisha watoto wa watu habari za afya. Hebu kaa kwanza. Ipo siku moja ya miaka ile ya Ujamaa ambayo sijaisahau. Nilikuwa mwalimu mpya wa baiolojia katika sekondari moja nje ya Mwanza, nimetoka chuo kikuu juzi tu, na nilijiona sana.

Asubuhi hiyo nilifundisha kichocho. Nilichora konokono, mnyoo na mtu kwa chaki za rangi, nikawaunganisha kwa mishale: mkojo wa mgonjwa unaingia majini, konokono analea vijidudu, navyo vinapenya ngozi ya anayeingia maji hayo. Yote kwa Kiingereza safi. Masanja, kijana wa kidato cha tatu, aliyarudia bila kukosea hata kidogo. Nilimpigia makofi. Kusema kweli, nilijipigia mwenyewe.

Mchana, kwa jina la Elimu ya Kujitegemea, niliwapeleka wanafunzi walewale kwenye majaruba ya mpunga ya shule, miguu mitupu, maji hadi magotini. Mimi nilisimama kwenye tuta na viatu vyangu, nikiwahimiza waongeze kasi. Mwalimu gani huyo! Hadi leo najikasirikia.

Siku hiyohiyo Masanja akaanguka. Tukambeba hadi zahanati kwa Mzee Leopold, mganga wetu, Mhaya asiyejua kubembeleza mtu.

"Unakojoa damu tangu lini?" akamuuliza alipokwisha kuutazama mkojo wake.

"Tangu darasa la tano, mzee. Si ndiyo kukua? Kwetu asiyekojoa damu tunamcheka, bado mtoto."

Mzee Leopold akanigeukia. "Na wewe mwalimu, unawafundisha nini huko?"

"Kichocho."

"Umemfundisha nani? Ubao?" Akaandika barua ya hospitali huku anasonya. "Huyu apelekwe mjini leo. Ukimkuta na figo zake mbili, mshukuru Mungu, usijishukuru wewe."

Kesho yake wasichana niliwaachia matroni, nikabaki na wavulana. Nikauliza kwa Kiswahili: nani anakojoa damu?

"Mwalimu, hili litatoka kwenye mtihani?" mmoja akauliza.

"Halitatoka."

Mikono ikaanza kuinuka, karibu darasa zima.

"Sasa kwa nini mnakojoa majarubani, na mmesoma?"

"Choo kiko mbali, mwalimu. Na mtu akitoka kwenye mstari, wewe unamwita mvivu."

Wiki hiyo walioumwa walianza dawa, nasi wengine, mimi nikiwemo, tukachimba choo kando ya shamba. Na mpunga ule haukupandwa.

Masanja alirudi baada ya muhula mzima, amekonda, na figo moja haikupona tena. Aliponiamkia shikamoo, mimi ndiye niliyeinamisha kichwa.

Kwa hiyo, mwanangu, usianze na konokono. Waulize kwanza wanaamini nini, wanachekana kwa nini, wanaona aibu gani. Na waulize kwa lugha wanayopigia soga. Kisha kakague mahali unapowapeleka kengele ikishalia, uingie mwenyewe kwanza. Alama mia kwenye daftari la mgonjwa si kazi ya kujisifia.

Nenda salama. Mungu akupe masikio ya kusikiliza, na akujalie wanafunzi wako waje wakuzike wewe ukiwa mzee sana, si wewe uwazike wao.