Udongo wa Mama Gaudensia

Nilipokuwa na miaka tisa, kijijini kwetu upande wa Mkumbi, niliiba udongo. Haukuwa wa kufinyangia chungu wala wa kukandikia ukuta. Niliuiba kwenye shamba la jirani kwa sababu nilitaka mama yangu naye apate.

Miaka ile wakubwa walikuwa na neno jipya midomoni: soko huria. Kwetu maana yake ilikuwa kwamba kahawa sasa ilinunuliwa na watu wa magari wasiotujua hata majina, na mbolea, ambayo zamani chama cha ushirika kilituletea hadi kijijini, ilikaa dukani mjini Mbinga ikimngoja mwenye fedha. Baba alivumilia msimu mmoja. Wa pili akateremka Mbamba Bay, ziwani, kujaribu biashara ya dagaa. Nyumbani tukabaki mimi, mama, na bibi mzaa baba.

Sisi Wamatengo tunalima ngoro. Majani yanafyekwa, yanapangwa miraba kwenye mteremko, kisha udongo unachimbwa katikati na kuyafunika ili yaozee humo humo. Kufyeka ni kazi ya mwanamume, kufukia ni ya mwanamke. Baba alipoondoka, mama aliyachoma tu majani, akalima juu juu. Mahindi yakaota ya njano, membamba, ya kutia huruma. Ng'ambo ya kilima, ya Mama Gaudensia, mjane aliyeishi peke yake, yalikuwa kijani cha kukaribia weusi.

"Bibi," niliuliza siku moja tukipukuchua maharage, "kwa nini ya Mama Gaudensia yanapendeza vile?"

"Ardhi yake imeshiba." Kisha akapunguza sauti. "Lakini sikiliza, Otilia. Mtu akichota udongo wa shamba la mwenzake alfajiri, kabla jua halijaugusa, akaupeleka kwake bila kuomba, ile shibe inamfuata yeye. Mwenye shamba anabaki na vumbi. Ni ubaya mkubwa. Usije ukathubutu."

Bibi alikuwa ananionya. Mimi nilisikia maelekezo.

Siku tatu baadaye, nikienda kisimani kungali na ukungu, nilikata kona hadi shambani kwa Mama Gaudensia, nikajaza kibakuli cha uji udongo mweusi, nikaumwaga kwenye mashina ya mahindi ya mama. Nilirudi nyumbani na maji, nikanywa uji, nikajiona mtu aliyeokoa familia.

Haikupita wiki, mvua ya mawe ikashuka. Ilipiga upande ule wa kilima tu. Mahindi ya Mama Gaudensia yalilala chini yote, majani yamechanika kama yaliyopita kwenye wembe. Yetu, yale mabaya, yalisimama.

Kijiji kikaanza kunong'ona. Nani kamchotea mjane udongo? Jibu halikuwa mbali: yule ambaye mume wake hayupo, yule ambaye shamba lake limesalimika. Kwenye sala za jumuiya wanawake walisogea mbali mama alipokaa. Wakimwona kisimani walikatiza mazungumzo. Mama hakuelewa. Jioni moja nilimkuta akisonga ugali huku machozi yakimtiririka, akasema ni moshi, na moto wenyewe ulikuwa wa kuni kavu.

Nikashindwa kula. Siku ya pili nikamwambia Bibi.

Bibi alishika kichwa. Kisha akafunga kitenge chake kizuri. "Twende. Sasa hivi, mchana, watu wakituona."

Tulimkuta Mama Gaudensia akikusanya mabua. Nikapiga magoti, nikasema shikamoo, akaitikia, nikaeleza yote.

"Kiasi gani?" aliuliza.

"Kibakuli cha uji."

"Mama yako alikutuma?"

"Hapana. Hajui mpaka sasa."

Alikaa kwenye tuta. "Mimi na marehemu tumefukia majani hapa miaka kumi na minne," alisema. "Ningejua yote yanaenea kwenye kibakuli cha uji, nisingeumia mgongo hivi."

Bibi hakucheka. "Na mvua ya mawe, mama?"

"Mvua ya mawe ni mvua ya mawe. Ila mtoto kaiba kweli, na mama yake anaumia kweli. Hayo mawili tunaweza kuyatengeneza."

Kwenye jumuiya iliyofuata alinisimamisha mbele ya wote, nikasema kwa mdomo wangu. Mama alinitazama kama mtu aliyeamshwa ghafla. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Mama Gaudensia akatoa beseni la udongo wake, akanitwika mbele ya wanawake wale wale. "Huu nimekupa mimi," alisema. "Nisisikie tena mtu akimtaja Mama Otilia."

Mwaka ule nyumba mbili, yetu na ya mjane, zilikula kwenye shamba letu bovu, na hatukushiba. Lakini mvua zilipokaribia kwisha, Mama Gaudensia alikuja na panga na wanawake sita. Walifyeka wenyewe, bila kungoja mwanamume, wakafukia mteremko wetu mzima. Maharage ya msimu ule mama aliyabeba kichwani hadi kwa mjane kabla sisi hatujayaonja.

Bibi alikufa akiamini kwamba udongo ulihama na mawe yakaufuata. Sikubishana naye. Mimi mwenyewe, alfajiri yenye ukungu, sina uhakika ninaoutaka.

Nilipokwisha kuwa mama wa watoto, nilimwuliza Mama Gaudensia kwa nini hakunilaani. Alifikiri kidogo. "Tangu nimzike mume wangu," alisema, "watu walilisifia shamba langu wakiwa mbali. Waliogopa kukanyaga, wasije wakasingiziwa kuchota udongo. Wewe ndiye wa kwanza kuingia, hata kama uliingia kuiba. Baada yako mama yako alikuja kila siku."

Nilikuwa nimeamini, kama wakubwa wengi wa miaka ile walivyoanza kuamini, kwamba mtu hutajirika kwa kile kinachompungukia mwenzake. Nilimwona yule mjane kuwa ana vingi, nikataka tupewe sehemu. Haikunijia akilini, na nadhani haikumjia mtu yeyote kijijini, kwamba naye alikuwa anapungukiwa, na kwamba alichokihitaji tulikuwa nacho sisi.