Karibu na Kupotea

Yustina Kornelio anapiga vinyago msasa. Ndiyo kazi yake tangu ujana, hapo hapo Kiwalani. Wachongaji wanamletea mpingo uliokwisha kuchongwa, naye anakaa barazani anasugua mpaka kinyago kilainike, kisha anakipaka dawa ya viatu king'ae. Ana miaka hamsini na sita, vidole vyeusi mpaka kwenye kucha. Mtu akimuuliza kwa nini hakuolewa, anajibu kwamba alikuwa anamsubiri baba. Watu hucheka wakidhani anatania. Hatanii hata kidogo.

Baba mwenyewe, Kornelio Nandonde, alikuwa mchongaji. Alizaliwa Mueda, ng'ambo ya Ruvuma, akavushwa mto angali mtoto, akaja Dar kutafuta maisha na kumwoa Genoveva, binti wa Newala. Mtaani walimwita Mmawia, jina la kumdharau Mmakonde wa ng'ambo, ambalo hakulipenda. Mwaka 1981 akasema anakwenda kwao kumzika mama yake, na kwao wakati huo kulikuwa na vita. Yustina, mtoto wa miaka kumi na mmoja, alimbebea kifurushi mpaka kwenye basi. Baada ya hapo hakukuja barua, wala salamu, wala mtu wa kusema nilimwona mahali fulani.

Mwaka wa pili ndugu wakaanza kunong'ona habari za matanga. Hapo ndipo Genoveva, ambaye hakuwa msomaji kihivyo, alipokutana na mstari wake. Ni ule wa Kumbukumbu la Torati, ambao Mwisraeli aliagizwa kuusema akipeleka kapu la malimbuko, ili ataje ukoo wake ulikotoka: "Baba yangu alikuwa Mwarami karibu na kupotea." Genoveva akauchukua mzima mzima. Mwarami ni mtu wa ng'ambo, kama vile Mmawia. Na maandiko hayakusema amepotea, yamesema karibu.

"Aliye karibu na kupotea hajapotea," aliwaambia shemeji zake. "Sasa nyie mnataka kumlilia mtu aliye hai?"

Shemeji wakachoka, wakaenda zao.

Tusimcheke huyo mama. Mtu aliyenyimwa kaburi atashika chochote kilicho karibu na mkono. Lakini neno lile lilikula watu, nami sitalisifu. Petro, fundi mwashi mwenye nyumba yake ya tofali, alipoleta posa kwa Genoveva, alijibiwa kwamba mume yupo. Yustina naye alipochumbiwa na Benjamin, wajomba walikuwa tayari kukaa na kupokea mahari, na kwa Wamakonde mjomba anaruhusiwa kabisa. Genoveva akakataa katakata. Mahari ya mtoto wa Kornelio ataipokea Kornelio. Benjamin alisubiri miaka miwili, tena kwa adabu, kisha akaoa Mbagala. Yustina alimpenda sana mwanamume yule. Alilia wiki nzima, halafu akarudi kwenye msasa wake.

Kwaresima ya mwaka jana, mstari huo huo ulikuwa kwenye somo la Jumapili. Jumuiya ilikusanyika uani kwa Yustina, na Padri Erasmus, kijana aliyesoma Kiebrania, akaja kuwafafanulia. Genoveva, sasa bibi wa miaka themanini na minne, alikuwa amelala ndani. Yustina akaona leo ndiyo leo.

"Padri, samahani. Hiyo karibu na kupotea, ni karibu kiasi gani?"

Watu wakaangua kicheko. Padri hakucheka.

"Mama, umeuliza vizuri. Kwa Kiebrania hapo pana neno moja tu. Aliyepotea, anayetangatanga, anayeangamia. Wataalamu wanabishana mpaka leo. Hiyo 'karibu na' ni wafasiri wetu walivyolielewa. Neno lenyewe halimo."

"Karibu halimo?"

"Halimo, mama."

Yustina akainuka kumimina chai, akaimwaga nusu yake kwenye sinia. "We shosti, vipi tena?" akauliza jirani yake Monica. Yustina akafuta sinia kwa pindo la khanga. Alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani. Mama yake? Padri wa watu, aliyejibu alichoulizwa? Au mfasiri fulani aliyekwisha kufa zamani, ambaye siku moja alichovya kalamu akaandika karibu, akaenda kula chakula chake?

Alikaa na jambo hilo peke yake miezi minane. Ulipofika Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, akaandika kwenye karatasi ya kanisani majina ya babu na bibi wa Newala kama kila mwaka. Chini yake akaongeza Kornelio Nandonde. Alihesabu kwamba masikio ya mama yamechoka, na orodha inayosomwa misani ni ndefu. Siku ya misa akamkalisha benchi la nyuma kabisa. Kumbe huko nyuma walikuwa wamefunga spika mpya.

Jina lilisomwa likasikika mpaka barabarani. Genoveva hakutikisika. Alikaa mpaka baraka ya mwisho, akaongozwa nyumbani, akaketi kitandani. Yustina akapiga magoti mbele yake, tayari kwa laana.

"Nisamehe, mama. Mie nimechoka. Lile neno karibu halimo, padri kaniambia."

Mama akamshika mikono ile myeusi. Sauti yake ilikuwa ya taratibu, ya mtu anayeuliza habari za jirani.

"Sasa niambie. Nani alimwosha?"

Akaendelea, bado ameishika ile mikono.

"Walimvika nini? Alilazwa kwenye udongo au waliacha hivi hivi, juu?"

"Sijui, mama."

"Hata mie sijui. Ndiyo maana sikutaka afe. Akiwa hai siulizi."

Kisha akatupa mikono kichwani, akaachia sauti, kilio cha matanga kilichochelewa miaka arobaini na minne. Yustina akakidaka naye. Haikupita robo saa, majirani wakaanza kuingia uani wamejifunga khanga kiunoni, wanaulizana nani amefariki, na amefariki lini.