Watoto Walionenepa Kwenye Rejista

Kabla gonjwa halijaingia, muuguzi yule alikuwa na kazi moja aliyoijua hata akiwa usingizini: kupima watoto. Kwa miaka ishirini na sita aliwavalisha kaptula ya kitambaa, akaitundika kwenye ndoano ya mizani, akasubiri mshale utulie, akasoma, akaandika. Akina mama walimwita Mama Mizani, naye akaitika. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umezoea kiasi cha kutohitaji mshale. Sokoni alinyanyua fungu la viazi na kumwambia muuzaji, "Baba, hii si kilo mbili, ongeza kimoja," na muuzaji akaongeza huku akimlaani kimoyomoyo. Nyumbani mumewe alimtania: "Leo usinikumbatie, mke wangu. Nimekula sana, utanisema."

Gonjwa lilipokuja, upande wa kupimia watoto ulifungwa ili akina mama wasibanane. Hilo lilieleweka, watu walikuwa wakizikwa. Kilichofuata ndicho kisichoeleweka. Wakubwa walileta waraka: watoto wasipimwe, ila taarifa za uzito zifike kila mwisho wa mwezi kama kawaida, pasiwe na pengo. Bila shaka aliyeuandika alikuwa ameshiba vizuri.

Mratibu wa kituo, bwana nadhifu ambaye barakoa zake zilishonwa kwa kitambaa kimoja na tai zake, hakuumiza kichwa. Alichukua uzito wa mwisho wa kila mtoto na kuuongezea gramu mia mbili. Mwezi uliofuata akaongeza tena. Basi watoto mia tatu na kumi na mmoja wakapanda sawia kama mahindi ya shamba moja. Hakuna aliyeharisha, hakuna aliyeota meno akakataa kula, hakuna ambaye baba yake alifukuzwa kazi. Hata mapacha waliokwisha kuhamishiwa kwa bibi yao, safari ya siku nzima, waliendelea kunenepa hapo kituoni. Wakubwa wakafurahi. Wakasema hakuna kituo kilicholinda watoto kama hiki, na cheti kikawa njiani. Mratibu naye, kwa furaha, akawa anawatumia akina mama ujumbe wa simu: "Hongera mama. Mtoto wako anaendelea vizuri. Baki nyumbani."

Mama Mizani alikuwa wapi? Langoni, ameshika kipima joto chenye umbo la bastola, akiwalenga watu kwenye paji la uso. Alijua habari ya zile gramu? Alijua. Tusimpambe. Alijiambia ni karatasi tu, gonjwa likiondoka mizani itarudi ndoanoni na kila kitu kitajinyoosha. Miezi mitano alijiambia hivyo.

Asubuhi moja akaja mama mmoja mfuaji nguo, amefunga kitambaa mkononi. Wenye nyumba alizokuwa akifulia walimfungia milango, wakiogopa ataingia na ugonjwa. Mumewe, aliyekuwa mhudumu wa hoteli, alikuwa nyumbani tangu hoteli ifunge. Sasa mama huyo alifuta meza za ofisi kwa dawa kali ya madoa, na dawa ilikuwa imemla vidole. Amri ya kituo ilikuwa kunawa kwanza kwenye ndoo ya langoni, aliye na kidonda na asiye nacho.

"Sista, nishikie huyu ninawe," akasema, akimshusha mtoto mgongoni.

Mama Mizani akampokea kwa mkono wa kushoto. Akamhamishia wa kulia, kama mtu anayetafuta shahidi mwingine, kisha akamrudisha wa kushoto.

"Ana miezi mingapi huyu?"

"Kumi na minne."

"Anakula nini?"

"Uji. Tunauongeza maji kidogo ufike jioni." Mama akakung'uta mikono. "Nilimwambia baba yake mtoto amepungua. Akanionyesha simu. Imeandikwa anaendelea vizuri, mnanipongeza kabisa. Sasa mimi ni nani nibishane na hospitali?"

Mama Mizani aliacha lango wazi, bastola yake ikabaki juu ya kiti, akaenda kufungua chumba cha kupimia. Mizani ilikuwa na vumbi. Akaipangusa kwa sketi yake ya sare, akamvalisha mtoto kaptula. Kilo sita na gramu mia tisa. Akazungusha utepe wa kupimia mkono juu ya kiwiko: ukasomeka kwenye rangi nyekundu, ile ya utapiamlo mkali. Katika rejista, mtoto huyohuyo alikuwa na kilo tisa na gramu mia mbili.

Chakula dawa, ile siagi tamu ya karanga inayowarudisha watoto namna hiyo, kilitolewa hospitali kubwa tu, na hakikutolewa bila namba za kituo. Kwa namba za kituo, mtoto huyu alikuwa bonge.

Akaenda na uzito huo ofisini kwa mratibu.

"Andika sita na mia tisa," akasema.

Mratibu akaandika kwenye kompyuta. Kompyuta ikakataa. Akaandika tena.

"Mfumo haukubali, dada. Mtoto hawezi kupungua kilo mbili na ushee kwa mwezi mmoja."

"Hajapungua kwa mwezi mmoja. Amepungua miezi mitano, wewe ukimnenepesha."

"Punguza sauti." Akafunga mlango kwa kiwiko, maana kwa kuogopa ugonjwa hakushika vitasa. "Cheti kinakuja Ijumaa. Sikiliza, tufanye hivi: nitamshusha kidogokidogo. Mia mbili mwezi huu, mia mbili mwezi ujao. Mfumo hautashtuka."

Mama Mizani akapiga hesabu. "Atafika sita na mia tisa baada ya mwaka mmoja."

"Eeh! Unaona? Inawezekana."

Mratibu hakuwa mtu mkatili, na hilo ndilo lililochosha. Alikuwa ameridhika tu, kama mtu aliyekwisha kusuluhisha ugomvi wa majirani.

"Kaka yangu," Mama Mizani akasema, "huyu hana mwaka. Sidhani kama ana mwezi."

Akarudi chumba cha kupimia, akachukua karatasi ya rufaa, akaandika kwa kalamu uzito aliouona na rangi ya utepe. Chini akaongeza: "Uzito ulio kwenye rejista ya kituo kwa miezi mitano iliyopita haukupimwa. Ulikadiriwa, kwa watoto wote. Nami nilijua." Akatia sahihi na jina lake lote.

"Peleka sasa hivi," akamwambia mama. "Usipitie nyumbani."

"Na ule ujumbe wa simu?"

"Ufute, mwanangu."

Hospitali walimpokea mtoto siku hiyohiyo. Mama Mizani naye akapokea barua ya onyo, kwa kuacha lango bila mlinzi na kuchafua takwimu. Cheti hakikuja, walikuja wakaguzi wawili na nakala ya ile rufaa, wakashtuka kwa sauti kubwa juu ya jambo walilolisifu mwezi uliotangulia, wakaagiza watoto wote wapimwe upya, kumi kwa siku, mama na mama waachane hatua mbili. Wiki ya kwanza wakapatikana sita wenye utepe mwekundu. Watano walipelekwa hospitali. Mama wa yule wa sita alikataa, akasema hawaamini tena.

Wiki ya tatu mfuaji nguo alileta mtoto wake. Mshale ukatulia kwenye kilo saba na gramu mia sita. Mtoto akampiga Mama Mizani teke la pua.

Mratibu alikuwa akichungulia mlangoni, barakoa imefanana na tai.

"Mia saba kwa wiki tatu!" akasema kwa furaha ya kweli. "Na mimi mnanilaumu, kumbe nilikuwa nawawekea kidogo."

Mfuaji nguo alimgeuzia mgongo. Mama Mizani aliandika saba nukta sita, akamvua mtoto kaptula, akampokea aliyefuata kwa mkono wa kushoto.