Kobe Ametoka Likizo

Mimi nilipoteza kazi kwa sababu nililala vizuri. Cheka kwanza, halafu nisikilize.

Kazi yangu ni kuingiza sauti kwenye katuni. Miaka miwili nilikuwa kobe mpelelezi: koti refu, kofia imefunika macho, ofisi ina giza, nje mvua haikatiki. Ni katuni ya kuwatania wapelelezi wa sinema za zamani. Kobe anazunguka mji mzima kutafuta yai la bata, kumbe liko ndani ya kofia yake.

Bosi alinichukua kwa sababu nilikuwa nimechoka. Mtoto wetu mchanga alikuwa halali, nasi hatulali. Eti sauti yangu ni ya mtu aliyeshindwa na dunia.

Basi mtoto akaacha kulia usiku. Nikalala, jamani. Nikaanza hata kupiga mluzi bafuni.

Jumatatu nikasoma mstari wangu. Bosi akavua hedifoni, akataka nirudie. Nikarudia mara kumi na nne. Nikakohoa, nikajikunja, nikabana pumzi. Wapi.

"Kaka, huyu kobe ametoka likizo," akasema.

Akanipa mpaka mchana, la sivyo atafute mwingine. Nilichanganyikiwa, maana kazi nyingine siijui.

Saa saba mke wangu akaniletea funguo nilizosahau. Alikuwa anatoka zamu hospitalini, mtoto kamwacha kwa dada yake. Bosi, kwa utani tu, akamsogezea maiki na karatasi. Mke wangu hata hakukaa.

"Sijalala tangu juzi," akasoma. "Lakini wewe sema tu, nakusikiliza."

Fundi mitambo akaacha kutafuna. Bosi akauliza amejifunzia wapi kuigiza.

"Sijaigiza, shemeji. Mtoto analia kila usiku. Nampeleka sebuleni, namfungia mlango baba yake alale, maana ana kazi ya sauti."

Niliona aibu mpaka nikakaa chini. Miaka miwili napeleleza, na yai lilikuwa kichwani kwangu.

Kazi akapewa yeye, zamu za hospitali akapunguza. Sebuleni nikahamia mimi.

Juzi bosi kanipigia. Eti kobe anaanza tena kusikika kama katoka likizo, je, mimi nikoje?

"Niko," nikamjibu, mtoto begani, sijalala tangu juzi.

Akasema nije kesho.

Wewe unayesoma hapa, nyumba yako ikitulia ghafla, usishukuru tu ukageukia ukutani. Uliza ni nani hajalala.